Nyangumi, barafu au bahari shwari: kisa cha kuchagua boti Alaska ukiwa na mtoto wa miaka miwili

Wahusika ni wanne. Kaka yangu na mkewe wanaishi Minneapolis. Binti yao ana miaka miwili na miezi mitatu. Wa nne ni mama yetu, aliyekuja kutoka Pemba kuwatembelea. Mimi naishi Anchorage, kwa hiyo walipoamua kuja kwangu mwezi Julai, kazi ya kutafuta boti iliniangukia mimi. Kila mmoja alikuja na lake. Kaka alitaka nyangumi. Wifi alitaka kuiona barafu ikikatika na kuporomokea baharini. Mama alitaka chombo chochote kisichompeleka kwenye mawimbi. Mtoto hakutaka lolote, ila siku nzima ingeamuliwa na yeye: na saa zake za kulala, tumbo lake na subira yake.

Maswali ya namna hii hunijia kila kiangazi kutoka kwa ndugu na marafiki walioko Minnesota, Ohio, Texas na hata Toronto. Matangazo huwapa jibu moja: chukueni safari ya saa sita kutoka Seward, ndiyo inayopendwa na wengi. Kwa watu wazima wawili wenye afya ningesema hivyo hivyo. Kwa familia hii sikukubali, na nitaeleza kwa nini.

Kutoka Anchorage, bahari yenye barafu unaifikia kwa milango miwili. Wa kwanza ni Seward, kilomita 200 hivi kwa barabara, mwendo wa saa mbili na nusu. Mji huo umekaa mwisho wa ghuba ya Resurrection. Ukitoka nje ya ghuba na kuizunguka rasi ya Aialik, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords, iliyoanzishwa mwaka 1980. Juu ya milima ya hifadhi hiyo umetandazwa uwanda wa barafu wa Harding, na kutoka humo inateremka mito ya barafu zaidi ya 30, mingine mpaka baharini. Sisi tuliozoea kuiona barafu ya Kilimanjaro kwa mbali, juu kileleni, hapa tunaikuta usawa wa maji. Ni ukuta wa buluu na nyeupe uliopasuka-pasuka, na mara kwa mara unadondosha mapande makubwa kama nyumba.

Mlango wa pili ni Whittier, kilomita 100 hivi, unaokuingiza Prince William Sound. Jina hilo wengi walilisikia mara ya kwanza Machi 1989, meli ya Exxon Valdez ilipopanda mwamba na kumwaga mafuta. Kwa msafiri mwenye mtoto, la kujua ni kwamba eneo hilo la maji limekingwa na visiwa vikubwa, Montague na Hinchinbrook, ambavyo hupokea mawimbi ya Ghuba ya Alaska kabla hayajaingia ndani. Siku nyingi za kiangazi maji ya huko hutulia kiasi kwamba kikombe cha chai hakimwagiki mezani.

Kutoka Seward tulikuwa na boti fupi ya saa nne hivi, isiyotoka nje ya ghuba. Humo utaona fisi maji wa bahari, simba bahari, tai, ndege wa majabalini, na ukibahatika nyangumi. Barafu utaiona kwa mbali tu. Ipo ya saa sita, inayozunguka rasi na kufika mbele ya ukuta wa barafu, ikipita njiani kwenye visiwa vya Chiswell ambako simba bahari huzaliana, na ndege wa baharini waitwao pafini hutaga. Ipo pia ndefu zaidi, ya saa nane na ushee, mpaka ghuba nyembamba ya Northwestern. Hiyo niliifuta siku ya kwanza na wala sikuitaja mbele ya kaka. Kutoka Whittier kulikuwa na ya saa nne hivi kwenda ghuba ya Blackstone, na nyingine ya saa tano inayofika mbali zaidi na kupita barafu nyingi. Hatimaye kuna boti ndogo ya ziwa Portage, kabla hujafika Whittier: safari ya saa moja kwenye ziwa hadi mbele ya mto wa barafu, kisha unarudi.

Ukizipanga hivyo unaona kizuizi kilipo. Kuna wanyama wengi, kuna barafu kwa karibu, kuna bahari shwari, na hakuna boti inayokupa vyote vitatu kwa uhakika. Ya saa sita ya Seward inakupa wanyama na barafu, lakini sehemu ya njia yake ni bahari kuu isiyo na kinga yoyote, na mawimbi ya pale hayajali kwamba jua linawaka. Ya Whittier inakupa barafu na utulivu, ila nyangumi wa huko ni wa bahati zaidi. Fupi ya Seward ina wanyama na utulivu wa kiasi, na barafu unaikosa. Kaka alilipinga jambo hili kwa siku kadhaa, akinitumia picha za mikia ya nyangumi. Wifi alimwambia kwa upole, "Baba fulani, anayeshika mfuko wa kutapikia ni mimi."

Wakabishana mpaka mama alipouliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria.

Mama ni Mpemba, na bahari kwake si mandhari. Tangu Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba huku imepakia watu kupita uwezo wake, hapandi chombo bila kuuliza kimeruhusiwa watu wangapi na kimebeba wangapi. Hilo nililijibu kwa urahisi. Boti za abiria za hapa hukaguliwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani, na cheti cha ukaguzi, chenye idadi ya juu ya abiria, hubandikwa ndani ya chombo mahali pa wazi. Majaketi ya kuokolea maisha lazima yatoshe watu wote, yakiwemo ya saizi ya watoto. Mama akaridhika na hayo, akasema atakisoma cheti mwenyewe. Kisha akauliza:

"Mwanangu, mtoto akichafukwa huko mbele, nahodha atageuza chombo?"

"Hageuzi, mama. Kuna watu zaidi ya mia mle."

"Basi nitafutie chombo ambacho hata asipogeuza, nchi kavu si mbali."

Swali hilo ndilo nililolitumia tangu hapo kuzipima boti zote, na ndilo ninalomwelekeza kila mwenye mtoto mdogo alianzie. Usiangalie urefu wa safari peke yake. Angalia ukiwa mahali pa mbali kabisa, mtoto akiharibikiwa dakika ile ile, itachukua muda gani kufika gatini. Kwenye safari ya saa sita ya Seward ni karibu saa tatu, na sehemu ya hizo saa tatu ni kurudi kwenye mawimbi yale yale yaliyomharibu. Kwenye Blackstone ni chini ya saa mbili, na maji yametulia njia nzima. Kwenye ziwa Portage ni nusu saa. Mtoto wa miaka miwili anaweza kulia nusu saa na siku ikaendelea. Saa tatu za kilio ndani ya kabini iliyofungwa, na watu mia wanakutazama, hakuna mzazi ninayemtakia.

Tukaja kwenye saa, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi na karatasi. Anchorage iko nyuma ya Minneapolis kwa saa tatu. Binti huyu kwao hulala mchana saa saba. Kwa mwili wake, siku za mwanzo za safari, hiyo ni saa nne asubuhi ya Alaska. Kwao huamka saa moja asubuhi. Hapa macho yatafunguka saa kumi alfajiri. Usiku kwao analala saa mbili, ambayo hapa ni saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu kabisa, kwa kuwa Julai jua la Anchorage huzama karibu saa tano usiku.

Sasa pitisha boti juu ya saa hizo. Ya saa sita ya Seward tuliyoiona ilikuwa ikiondoka saa tano na nusu. Tungetoka Anchorage mapema sana, mtoto yuko macho na ana nguvu, amefungwa kwenye kiti cha gari. Tungefika Seward saa nne, ndiyo saa mwili wake unataka kulala, na ndiyo saa ya kupanga foleni ya tiketi. Angeingia botini amekosa usingizi. Tungerudi gatini saa kumi na moja na nusu jioni, akiwa amepitiliza saa yake ya kulala, na mbele yetu kuna saa mbili na nusu za barabara. Ukijumlisha, mtoto angekuwa nje ya nyumba zaidi ya saa 12.

Ya Blackstone ilikuwa ikiondoka saa sita na nusu. Tungetoka nyumbani saa tatu na robo. Ifikapo saa nne tuko kwenye barabara ya kando ya mkono wa bahari wa Turnagain, gari linatembea vizuri, mtoto analala. Whittier haifikiki kwa barabara ila kwa handaki la Anton Anderson, kilomita nne chini ya mlima, lenye njia moja tu inayotumiwa na magari na treni kwa zamu. Kuelekea Whittier hufunguliwa kila saa inapotimu nusu, na kutoka Whittier kila saa kamili. Ukikosa zamu yako unakaa saa nzima, na boti haikungoji. Tukaazimia handaki la saa nne na nusu, tukijua kwamba foleni ya kulisubiri ni dakika za usingizi za bure. Kurudi, boti ingefunga gati saa kumi na nusu, nasi tungeingia handaki la saa kumi na moja kamili, saa ile ile ambayo mwili wa mtoto unadhani ni usiku. Angelala tena garini.

Kwa hesabu hiyo, tofauti ya saa ambayo watu wengi huiogopa ilitufaa, mradi twende boti siku za mwanzo. Wifi alikuwa amepanga boti iwe siku ya tano, "mtoto akishazoea." Nikamwomba aigeuze iwe siku ya pili. Akishazoea, usingizi wake wa mchana ungehamia saa saba, na ungemkuta katikati ya bahari mbele ya barafu.

Kuhusu kulevywa na bahari, watoto chini ya miaka miwili mara nyingi hawapatwi sana. Baada ya hapo uwezekano hupanda mwaka hadi mwaka, kwa hiyo binti wa miaka miwili na miezi yuko pale mlango unapofunguka. Wifi alimuuliza daktari wa mtoto kabla ya kusafiri, na ndiyo njia sahihi. Dawa ya dimenhidrineti, inayouzwa bila cheti cha daktari, haina kipimo kwa walio chini ya miaka miwili isipokuwa daktari aseme. Kwa waliozidi, huwalaza wengine na huwachachamaza wengine badala ya kuwatuliza. Plasta za nyuma ya sikio wanazobandika watu wazima si za watoto kabisa. Walichoamua ni kutompa dawa kwenye maji yaliyokingwa, na laiti wangechagua Seward wangelazimika kuijaribu nyumbani kwanza. Hilo peke yake lilimsogeza wifi upande wa Whittier.

Baridi ilihitaji maelezo zaidi kwa mama. Julai mjini Seward au Whittier mchana ni nyuzi 15 hivi, lakini mbele ya ukuta wa barafu upepo hushuka kutoka juu ya barafu na hali inakuwa ya jokofu. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko sisi. Tulimvalisha sufu ndani, koti la kuzuia maji juu, kofia ya kufunika masikio, na nguo kamili za kubadilisha kwenye mfuko uliofungwa. Kigari cha mtoto tulikiacha garini, kwa sababu botini hakina pa kuwekwa. Wifi alimbeba mgongoni kwa kanga, koti lake pana likiwafunika wote wawili, na mabaharia walimtazama kwa mshangao mpaka walipoona mikono yake yote iko huru kushika reli.

Kuhusu reli sikutaka mjadala. Maji ya pale yana baridi ya kumkata mtu pumzi dakika ya kwanza, hata kama anajua kuogelea. Kwa hiyo mtoto alivaa jaketi la kuokolea kila alipotoka sitahani, ingawa hakuna aliyetulazimisha, na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina ndiye aliyekuwa na zamu ya kumshika. Tukisema "tutamwangalia wote", hakuna anayemwangalia.

Maswali mengine niliyamaliza kwa simu moja: je, kabini ina joto na meza? Ndiyo. Kuna pa kumbadilishia mtoto pampasi? Ndiyo, lakini choo ni kidogo, kwa hiyo tulimbadilisha gatini dakika ya mwisho. Nauli ya mtoto ilikuwa nusu. Bahari ikichafuka, safari inafutwa na fedha zinarudishwa, au inafupishwa bila kurudisha? Hili la mwisho uliza kila mara, hasa Seward, maana nahodha akikuta mawimbi makubwa nje ya ghuba anaweza kubaki ndani, na barafu uliyoilipia usiione.

Siku yenyewe ilikwenda karibu kama karatasi ilivyosema. Mtoto alilala kabla hatujafika Portage, akaamka tukiwa Whittier, akala andazi la bibi yake. Mama alisimama mbele ya cheti cha ukaguzi na miwani yake, akasoma idadi, kisha akaanza kuwahesabu watu wakipanda. Upande wa pili wa maji, karibu na mji, kuna jabali lenye viota vya shakwe kwa mamia, na kelele zao zilimfurahisha mtoto kuliko kitu chochote cha saa moja iliyofuata. Fisi maji walikuwa wanaelea chali, miguu juu, mmoja akigonga kitu kifuani. Mbele ya mito ya barafu ya Blackstone na Beloit nahodha alizima injini mbali kidogo na ukuta. Ukisimama hapo unaona pande la barafu likiachia kimya, na mlio unakufikia baadaye. Mtoto aliruka kwa mlio wa kwanza, akajificha shingoni mwa mama yake, kisha akaanza kuusubiri.

Sili walikuwa wamelala juu ya vipande vya barafu vinavyoelea. Baharia mmoja alivua kipande kwa wavu, cheupe pembeni na angavu kama kioo katikati, kimejaa vitone vya hewa. Akakiweka kwenye meza ya sitahani ili watoto wakiguse. Binti yetu aliweka kiganja, akakitoa haraka, akakirudisha, kisha akakilamba kabla mtu hajamzuia. Mama alikuwa amekaa ndani kwenye joto, ameshamaliza kusali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya, akitazama dirishani. Alisema tu kwamba bahari hii ina adabu.

Nyangumi hatukumwona. Kaka alinyamaza njia nzima ya kurudi, na ingekuwa si haki kuliita jambo dogo, kwa maana alikuwa ameingoja safari hii kwa miaka. Lakini mpango ulikuwa na sehemu ya pili, na bila hiyo nisingewashauri hivyo. Siku mbili baadaye tulikwenda sote Seward, tukalala huko. Asubuhi kaka alipanda boti ya saa sita peke yake. Utabiri wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, ambao hutaja urefu wa mawimbi kwa futi na kutenga ghuba na bahari ya nje, tuliusoma usiku wa kabla: ghuba ilikuwa shwari, nje futi tano. Alirudi amelowa, uso umebadilika rangi, anacheka. Nje ya rasi watu wazima kadhaa walitapika. Aliona kundi la nyangumi wauaji, pafini, simba bahari wakigombana majabalini, na mkia wa nyangumi wa nundu aliyezama mbele yao.

Sisi tuliobaki tulikwenda Alaska SeaLife Center, kituo cha viumbe vya baharini kilichofunguliwa mwaka 1998 kwa sehemu ya fedha za fidia ya mafuta ya Exxon Valdez. Simba bahari pale hupita nyuma ya kioo, urefu wa mkono kutoka uso wa mtoto, na kuna madimbwi ya kugusa viumbe vya baharini. Saa ilipofika mtoto alilala kwenye kigari, na sisi tukanywa chai. Jioni tulimpeleka kwenye mto wa barafu wa Exit Glacier, sehemu pekee ya hifadhi ya Kenai Fjords inayofikika kwa gari, haina kiingilio, na njia yake ya chini inatembeleka na mtoto. Kando ya njia kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilikuwa imefika wapi, na wifi alisimama kwa muda kwenye kile cha mwaka aliozaliwa.

Kugawanyika hivyo kulipunguza gharama pia: tiketi ya safari ya bei kubwa ilikuwa moja badala ya nne.

Uamuzi huu ungebadilika kwa familia nyingine. Mtoto wa miezi minane anayenyonya na kulala mgongoni ningempeleka hata ile ya saa tano ya Whittier, mradi baridi izuiwe. Mwenye miaka mitano anayejua kusema "nasikia vibaya" kabla hajatapika anaweza safari ya saa sita siku ambayo utabiri wa nje uko chini ya futi tatu. Mwenye watoto wawili wadogo na mtu mzima mmoja aende ziwa Portage, saa moja tu, halafu wanyama awaone kwenye kituo cha hifadhi ya wanyama kilichopo hapo karibu, chenye dubu, kulungu wakubwa wa kaskazini (moose) na nyati, wengi wao wakitazamwa kutoka kwenye gari. Na aliye na siku moja pekee, ambaye moyo wake uko kwa nyangumi na barafu si hoja kwake, alale Seward usiku wa kabla na apande ile fupi ya ghuba, ya asubuhi.